Mchezo Usio na Rafu: Upangaji wa Tamthilia za Kiswahili katika Maduka ya Vitabu ya Mpakani Isebania

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza kazi yake pale kitabu kinapofunguliwa. Maudhui huchambuliwa, fani hupimwa, wahusika huhukumiwa, na mwandishi huulizwa amesimama upande gani wa jamii yake. Ni nadra mhakiki kuuliza kitabu hicho kilikuwa kimewekwa wapi kabla ya kufunguliwa, kilikaa jirani na vitabu gani, na ni nani aliyeamua kikae hapo. Ilhali msomaji wa kawaida hukutana na kitabu dukani, kikiwa kimepangwa tayari na mtu mwingine. Kitabu kilichowekwa mbele, jalada likimtazama mnunuzi, kimekwisha kutangazwa kuwa cha maana. Kilichosukumwa nyuma, mgongo wake tu ukionekana, kimekwisha kupewa daraja la chini. Kisichokuwapo kabisa hakina hata nafasi ya kukataliwa.

Kwa sababu hiyo upangaji wa vitabu ni aina ya uhakiki, na pengine ndio uhakiki unaowafikia watu wengi kuliko huu unaochapishwa katika majarida ya vyuo. Makala haya yanakusudia kuuchunguza kwa kuangalia utanzu mmoja na mahali pamoja. Utanzu ni tamthilia, kwa kuwa ndio unaodhurika zaidi na upangaji uliopo. Mahali ni Isebania, mji wa Kenya ulio katika kaunti ya Migori, mpakani na Tanzania, ukitazamana na Sirari ya wilaya ya Tarime. Watu wa Kuria wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya forodha na ya shule kwa pande zote mbili. Kama kuna mahali ambapo rafu moja ya fasihi ya Kiswahili ingetazamiwa kuzihudumia nchi mbili, ni hapa.

Neno "mchezo" na tatizo la utanzu

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Kabla ya istilahi ya "tamthilia", yenye asili ya Kiarabu, kushika mizizi katika vitabu vya nadharia, utanzu huu uliitwa kwa wingi "mchezo wa kuigiza", au "mchezo" tu. Jina hilo halikuwa la bahati. Lilibeba ukweli kwamba maandishi hayo ni maagizo ya shughuli itakayofanywa na watu kadhaa, kila mmoja akichukua nafasi isiyokuwa yake. Bao ni mchezo, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) ni mchezo. Vyote viwili vina kanuni, vina washiriki, na havikamiliki mpaka watu wakutane.

Tatizo la kuviweka mahali pake vitabu vya namna hii si la Waswahili peke yao. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, ambao msingi wake ni vitabu. Watu huketi mezani, mmoja akasimulia na wengine wakaigiza kwa maneno wahusika waliowabuni, huku kitabu kikiwapa kanuni. Wauza vitabu walikabiliwa na swali gumu. Je, hiki ni kitabu au ni mchezo? Kiwekwe pamoja na karata na vidude vya watoto, au pamoja na riwaya za kubuni? Wengi wamekiweka jirani na riwaya za sayansi na za kichawi, kwa kuwa mnunuzi wake ndiye mnunuzi wa riwaya hizo. Maktaba zinazofuata mpango wa Dewey zimeamua kinyume chake. Vitabu hivyo huwekwa katika namba 793.93 pamoja na michezo, wakati fasihi ya Kiswahili, tamthilia zikiwamo, imepewa 896.392. Kwa mpango huo, vitu viwili ambavyo Kiswahili kimeviita kwa neno moja vimetenganishwa na zaidi ya namba mia moja.

Mfano huu wa mbali una faida moja kwa hoja yetu. Muuza vitabu wa Marekani alilazimika kujiuliza kitabu hicho kinatumiwaje, na akakipanga kulingana na jibu alilolipata. Katika maduka yetu swali hilo haliulizwi kuhusu tamthilia. Mahali pake pamekwisha kuamuliwa na mtihani.

Rafu kama mtahini

Duka la vitabu la mji mdogo wa Kenya, na Isebania haiko nje ya kanuni hii, ni duka la vifaa vya shule kwanza. Madaftari, kalamu, rula na seti za jometri ndivyo vinavyoliendesha. Vitabu vya kiada hufuata, vikipangwa kwa darasa na kwa somo. Biblia, vitabu vya nyimbo na kamusi vina pembe yao. Fasihi ya Kiswahili huonekana mahali pamoja tu, nayo ni sehemu ya vitabu teule, yaani vile vilivyochaguliwa kutahiniwa katika kidato cha nne.

Katika sehemu hiyo vitabu havipangwi kwa utanzu. Riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa hutahiniwa katika karatasi moja. Kando ya kila kimoja huwekwa mwongozo wake, mara nyingi zaidi ya mmoja. Mwanafunzi anayenunua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege hukuta mwongozo wa tamthilia hiyo umeegemea jalada lake. Yamkini, fedha zikimpungukia, atanunua mwongozo na kuiacha tamthilia, kwa kuwa mwongozo una majibu.

Mfululizo wa tamthilia zilizopita katika rafu hii unafahamika na kila mwalimu. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilikuwapo, ikafuatwa na Mstahiki Meya ya Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha. Wakati wake kila moja ilikuwa mbele, ikiuzwa kwa wingi. Muda wake ulipokwisha, iliondolewa mbele siku ile ile mrithi wake alipowasili. Nakala zilizobaki zilihamia chini, ama zikaenda kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovitandaza juu ya turubai siku za soko. Kwa mantiki ya rafu, Kifo Kisimani haikuzidiwa na Mstahiki Meya kwa ubora wa fani wala kwa uzito wa maudhui. Iliisha muda wake kama kalenda.

Athari za upangaji huu kwa tamthilia ni tatu, na kila moja yastahili kuangaliwa.

Kwanza, tamthilia inapoteza utanzu wake. Mnunuzi haioni ikiwa pamoja na tamthilia nyingine, hivyo hana njia ya kujua kwamba Kifo Kisimani ina babu zake. Haoni kwamba kabla yake kulikuwapo Nakupenda Lakini ya Henry Kuria (1957), tunda la jukwaa la shule ya Alliance, wala tafsiri za Shakespeare zilizofanywa na Julius Nyerere, ambazo Mabepari wa Venisi (1969) ni mojawapo. Haoni Mashetani ya Hussein (1971), wala Hatia ya Penina Muhando (1972), wala Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981), mwandishi aliyetiwa kizuizini mwaka uliofuata. Utanzu wenye historia unafanywa yatima.

Pili, tamthilia inauzwa kwa nakala moja moja kama riwaya. Riwaya yahitaji msomaji mmoja na taa. Mchezo wa wahusika kumi wahitaji nakala kumi, au angalau mtu mmoja mwenye nia ya kuwakusanya kumi. Hakuna mahali dukani ambapo mchezo huuzwa kwa ajili ya kikundi. Mwanafunzi hununua nakala yake, huipigia mistari penye sifa za wahusika na mbinu za lugha, na huingia mtihanini akiwa hajapata kumsikia mtu yeyote akiyatamka maneno hayo kwa sauti. Jambo hili linashangaza zaidi linapotendeka katika eneo lenye utamaduni hai wa utendaji, ambamo litungu la Wakuria na nyatiti ya Wajaluo havijapata kukosa hadhira.

Tatu, jukwaa halisi la shule halimo dukani. Kila mwaka tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vya Kenya huzalisha michezo mipya, ya Kiswahili ikiwamo, inayoshindanishwa kuanzia ngazi ya chini hadi ya taifa. Sehemu kubwa ya michezo hiyo haichapishwi. Hubaki katika karatasi za waliofundisha na katika vichwa vya walioigiza. Basi rafu ina michezo isiyochezwa, na shule zina michezo isiyochapishwa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa kutengana kwa maandishi na utendaji.

Mpaka unaopita katikati ya rafu

Mpaka uliopo Isebania una asili yake katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi nyuzi moja kusini mwa Ikweta kwenye ziwa Viktoria. Mstari huo uliwakata Wakuria bila kuwauliza. Hata hivyo kwa muda mrefu haukuikata fasihi ya Kiswahili. Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lilichapisha na kusambaza vitabu kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar kama soko moja la wasomaji. Oxford University Press nayo ilichapisha waandishi wa nchi hizo chini ya paa moja. Mwandishi wa Kilwa aliweza kusomwa Kisii kama alivyosomwa Morogoro.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika hilo la vitabu likafa pamoja nayo, na upande wa Kenya likazaliwa Kenya Literature Bureau. Mwaka huo huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Mpaka ulifunguliwa, bidhaa zinapita, na leo hati za wasafiri hushughulikiwa katika kituo cha pamoja. Lakini rafu iliyogawanywa mwaka 1977 haijaunganishwa. Kila upande una mtaala wake na orodha yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Sirari alisoma Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu na Orodha ya Steve Reynolds. Mwenzake wa Isebania, aliye umbali wa kutembea kwa miguu, alisoma Mstahiki Meya au Kigogo. Wote wawili walisoma tamthilia kwa lugha moja, na hakuna mchezo hata mmoja katika orodha hizo ambao wangeweza kuujadili pamoja.

Mfano unaoumiza zaidi ni ule wa Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein. Mwandishi ni Mtanzania. Kitabu kilichapishwa Nairobi na Oxford University Press mwaka 1988. Chanzo cha kisa chake ni mzozo uliotokea Kenya juu ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ulidai azikwe kwao. Shauri lilizunguka mahakamani kwa miezi kadhaa hadi mahakama ya rufani ilipoamua kwa upande wa ukoo, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei 1987. Neno "thim" katika anwani ya kitabu ni la Kijaluo, lenye maana ya pori au nyika. Kwa kisa, kwa neno na kwa mahali pa kuchapishwa, mchezo huu ni wa Nyanza na wa Kenya. Lakini ni Tanzania uliyouingiza miongoni mwa tamthilia za kidato cha tano na sita. Mwanafunzi wa Tarime ameweza kuufundishwa mgogoro wa mila na sheria uliotokea kwa jirani zake, na mwanafunzi wa Migori, ambaye huenda wazee wake walilifuata shauri hilo redioni neno kwa neno, hakuukuta katika rafu ya mji wake.

Mfano wa pili unahusu Kuria yenyewe. Chacha Nyaigotti-Chacha, msomi na mwandishi wa tamthilia kutoka Kuria, alitoa katika miaka ya 1980 michezo kama Mke Mwenza na Marejeo. Uhakiki wake wa ushairi wa Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 1992. Baadaye aliongoza Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Ni mtu ambaye kazi zake zimevuka mpaka kwa namna ambayo rafu haijaweza. Mtu angetazamia kwamba duka la Isebania lingekuwa na nafasi ya mwandishi wa kwao, kama ilivyo desturi ya maduka ya miji mingine ya dunia kuwatanguliza wenyeji. Mantiki ya vitabu teule hairuhusu. Mwandishi asiyetahiniwa hana kwao.

Pingamizi na majibu yake

Huenda ikasemwa kwamba shutuma hizi zinamwonea muuza duka. Pingamizi hili lina nguvu na halina budi kujibiwa kwa haki. Mfanyabiashara wa mji mdogo hana mtaji wa kuweka vitabu vitakavyokaa miaka mitatu bila kununuliwa. Mwaka 2013 vitabu nchini Kenya vilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani, na bei ikapanda. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na kwa hatua hiyo maduka yalinyang'anywa sehemu kubwa ya biashara iliyoyaweka hai. Katika hali hiyo, kumtaka mwenye duka aweke Mashetani mbele ni kumtaka agharimie utamaduni wa taifa kutoka mfukoni mwake.

Inaweza kusemwa pia kwamba mtihani ndio ulioiokoa tamthilia. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, soko la fasihi ya Kiswahili lilipanuka kwa kiasi ambacho hakuna kampeni ya usomaji ingeweza kukifikia. Bila orodha ya vitabu teule, yamkini tamthilia nyingi zilizotajwa hapa zisingechapishwa wala kuandikwa. Hoja hii ni ya kweli nayo haipingwi. Linalopingwa ni kuufanya mtihani kuwa ndio mlango pekee. Utanzu unaoishi kwa orodha moja huanza kuandikwa kwa ajili ya orodha hiyo. Mwandishi hujifunza kupima urefu wa maonyesho, wingi wa methali na uwazi wa majina ya wahusika kwa kumwangalia mtahini. Mhakiki anayelalamika kwamba majina ya wahusika katika tamthilia za siku hizi yanatangaza sifa zao kabla hawajasema neno, angefanya vema kuitazama rafu ambayo vitabu hivyo viliandikwa viikalie.

Kwa hiyo lawama kubwa si ya muuza duka. Ni ya taasisi zinazopanga orodha kila moja kwa upande wake, na ni ya idara za Kiswahili, ambazo zimewaachia waandishi wa miongozo kazi ya kumwambia msomaji kitabu gani kinafaa. Pasipo na uhakiki unaofika dukani, mwongozo hujaza pengo.

Mapendekezo

Mambo manne yanawezekana bila kungoja fedha nyingi. La kwanza ni kuipanga sehemu ya vitabu teule kwa utanzu, hata ndani ya rafu ile ile moja. Kipande cha ubao kilichoandikwa "Michezo ya Kuigiza", chini yake ikiwekwa tamthilia ya mwaka huu pamoja na zile zilizotangulia, kingempa mwanafunzi fununu kwamba anaingia katika jadi ndefu kuliko mtihani wake. Nakala za zamani ambazo sasa zimelala chini zingepata kazi.

La pili ni wachapishaji kuuza tamthilia kwa mafungu yanayotosha kikundi, kwa bei iliyopunguzwa, shule na vyama vya vijana wakiwa ndio walengwa. Kitabu kitanunuliwa kama mchezo siku kitakapouzwa kama mchezo.

La tatu linahusu taasisi za mitaala za Nairobi na Dar es Salaam. Hazihitaji kuunganisha mitaala yao ili kukubaliana juu ya mchezo mmoja tu utakaosomwa pande zote mbili kwa kipindi kimoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wadhifa unaoiruhusu kulisimamia jambo hilo. Kwenye Ukingo wa Thim ungekuwa mwanzo mwema, kwa kuwa tayari ni mali ya nchi zote mbili. Maduka ya Isebania na Sirari yangeweza basi kuagiza kitabu kimoja, na mwenye duka asingekuwa na hofu ya kubaki nacho.

La nne ni la idara zenyewe. Mitaala ya Kenya imo katika mabadiliko kutoka 8-4-4 kuelekea mfumo wa umilisi, na orodha mpya zinatungwa. Huu ndio wakati wa wahadhiri kutoa, kila mwaka, uhakiki mfupi wa tamthilia zilizopo sokoni, kwa lugha ambayo mwalimu wa Kehancha na muuza vitabu wa Isebania wataisoma bila taabu, na kuwapelekea. Jarida linalosomwa na wahadhiri peke yao haliwezi kushindana na mwongozo ulioegemezwa kwenye jalada.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mahali pa kitabu dukani ni hukumu juu ya kitabu, na kwamba hukumu iliyotolewa kwa tamthilia ya Kiswahili katika mji wa mpakani ina makosa mawili. Inauchukulia mchezo kama somo la mtu mmoja, na inauchukulia mpaka wa mitaala kama mpaka wa fasihi. Kosa la kwanza linaweza kuanza kurekebishwa na mwenye duka kwa kipande cha ubao. La pili linahitaji maafisa wa mitaala wa nchi mbili waketi pamoja. Wakati wakingojewa, Kwenye Ukingo wa Thim itaendelea kutafutwa ng'ambo ya forodha na wasomaji ambao kisa chake ni chao.